Mafundo Tisa kwa Sarafu Moja

Ochi Kumeo ni mganga, na kwa miaka arobaini amekuwa akija kwenye ukumbi wangu wa gemu kila siku isipokuwa siku za mazishi. Nasema hilo mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za mtu mwenye siri. Mji mzima unajua. Asubuhi utamwona na kanzu nyeupe na kile kikofia cheusi kidogo kama kikombe kilichofungwa kwenye paji la uso, akizindika nyumba mpya ya mtu au akilisomea gari lililotoka dukani. Saa nane mchana utamkuta kwangu, kiti cha tatu kutoka mlangoni, mbele ya mashine iitwayo Kunguru wa Shaba, kanzu ameikunja magotini isiguse sakafu.

Mimi naitwa Yaeko. Ukumbi niliachiwa na marehemu mume wangu, pamoja na mashine ishirini na sita ambazo nyingi zina umri wa kuitwa bibi. Siamini uganga. Naamini fyuzi. Kwetu huku chini ya mlima Ishizuchi ukisema huamini uganga watu wanakutazama kana kwamba umesema huamini maji, kwa hiyo nimejifunza kunyamaza mbele ya wageni. Mbele ya Ochi sinyamazi.

Mara ya kwanza alikuja kikazi. Kunguru wa Shaba ilikuwa mpya wakati huo na ilikuwa ikizimika yenyewe kila siku adhuhuri. Mama mkwe wangu akaamua kuwa ina kitu, akamwita mganga, yaani baba yake Ochi, ambaye alikuja na mwanawe wa miaka ishirini na mitatu amemshikia baragumu la kombe. Wakaizungushia mashine kamba ya majani ya mpunga, wakanyunyiza chumvi, wakapuliza baragumu hadi kinyozi wa jirani akamkata mteja sikio. Kesho yake adhuhuri ikazimika tena. Fundi alitoka mjini Matsuyama, akafungua nyuma, akakuta panya amejenga kwake humo na kutafuna waya. Mume wangu alicheka wiki nzima.

Lakini wakati yule mzee anakunywa chai na mama mkwe, kijana alikuwa ametia sarafu. Nilimwona. Alicheza kama watu wote wanavyocheza mara ya kwanza, yaani alikufa kabla hajakaa sawasawa. Akatia nyingine. Baba yake alipomwita alikuja na uso wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Kesho yake alirudi, na keshokutwa.

Gemu yenyewe haina maneno mengi. Kuna kunguru mdogo anayepanda juu, na kuna risasi zinazoshuka, kwanza chache, halafu nyingi, halafu huoni nafasi ya kupitisha hata kucha. Mkono wa kushoto unashika kijiti cha kumwongoza kunguru, wa kulia uko kwenye vitufe. Ngazi ni tano. Katika mji wetu waliowahi kuzimaliza zote kwa sarafu moja ni watu wawili tu, Ochi na Manabe, dereva wa basi mstaafu ambaye mdomo wake haujastaafu.

Hapo lazima nieleze daftari, maana bila daftari habari hii haina kichwa wala miguu. Mashine za zamani zikizimwa zinasahau kila kitu. Unaweza kupiga pointi ambazo hazijapigwa tangu dunia iumbwe, nikizima umeme jioni zimekwenda. Kwa hiyo kaunta kwangu kuna daftari, na sheria zake aliziweka mume wangu. Pointi haziandikwi bila shahidi aliyesimama akaona. Na tarakimu ya mwisho lazima iwe sifuri. Hiyo tarakimu ni hila ya waliotengeneza gemu: ukifa ukaongeza sarafu kuendelea pale ulipofia, mashine inakuruhusu, ina adabu, lakini inakubandikia moja mwishoni mwa pointi zako. Ukiongeza tena, mbili. Unaweza kufika mwisho wa gemu kwa njia hiyo na ukapigiwa muziki wa ushindi, lakini ile tarakimu inakusema. Anayetaka sifuri akifa anasimama, anarudi mwanzo kabisa, ngazi ya kwanza, kama mtu asiyejulikana.

Ochi aliipenda tarakimu hiyo kuliko gemu yenyewe.

"Yaeko-san, wewe unaniona nina kazi mbili," aliniambia wakati mmoja, miaka mingi iliyopita, akitafuna samaki wa kusagwa niliyemkaangia. "Mimi naiona moja."

"Moja unalipwa, nyingine unalipa. Hesabu hiyo umefundishwa wapi?"

"Zote unaanza kwa kutoa. Kule chumvi na mchele, hapa sarafu. Usipotoa mlango haufunguki. Ukishaingia kuna mpaka, kule kamba, hapa kioo. Ndani ya mpaka mambo yana utaratibu wake na hayasikilizi kilio cha mtu. Mkono ukitangulia, kosa. Ukichelewa, kosa. Kichwa kikijua na mkono haujui, hujui."

"Tofauti ni kwamba hapa ukikosea unakufa."

"Ndiyo. Kule ukikosea hufi, na hakuna anayeona. Kule ndiko kugumu."

Nilimwambia kwamba gemu mimi nikichomoa waya imekwisha, sasa huo uganga gani. Akauliza, "Na mimi nikichomolewa?" Nikamwambia anywe chai yake.

Siku nyingine alinisimulia habari za dereva wa lori aliyekuwa akigonga kitu kila baada ya miezi mitatu, mara nguzo, mara ukuta wa shule. Ochi alimpa hirizi ya kutundika, halafu akamwamuru kila asubuhi kabla ya kuwasha gari aweke mikono yote miwili kwenye usukani, avute pumzi mara tisa na kila pumzi ataje mtu mmoja wa nyumbani kwake. Yule bwana ana watoto wanne, mke, mama na mbwa, ikabidi amalizie na majirani. Tangu hapo hajagonga kitu.

"Sasa ni hirizi au ni pumzi?" nikamuuliza.

"Gemu hii imebadilika tangu mumeo ainunue?"

"Haijabadilika hata risasi moja."

"Mbona siku hizi naimaliza?"

Nikaudhika, nikaenda kufuta vioo ambavyo nilikuwa nimeshavifuta.

Basi tuliendelea hivyo, tukizeeka pamoja na mashine, mpaka Juni ya mwaka jana. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mvua ya msimu inanyesha, ukumbini tupo mimi na yeye na Manabe. Nilikuwa kaunta nimempa mgongo. Mtu akikaa na gemu moja miaka arobaini hahitaji kuitazama. Naijua kwa masikio. Nikasikia kunguru anakufa katika ngazi ya pili. Nikageuka. Ochi hafi ngazi ya pili. Amecheza na homa, amecheza siku moja baada ya kumzika baba yake, hafi ngazi ya pili. Nikamwona amekaa wima kabisa, anaitazama skrini kwa upole, na mkono wa kushoto umeteleza kutoka kwenye kijiti umelala pajani kama kitu alichokuwa amebebeshwa na mtu.

"Ochi-san," nikasema. "Inua mkono."

Akanitazama, akainua wa kulia.

Nikapigia simu gari la wagonjwa huku Manabe amemshika begani akimtukana kwa sauti ya chini ili asilale. Daktari alisema baadaye kwamba kiharusi kilikuwa kidogo na tulikuwa tumewahi. Akaniuliza niligunduaje mapema hivyo, nikamwambia alikufa ngazi ya pili, na daktari akaandika kitu ambacho nadhani hakikuwa hicho.

Alirudi mwezi wa nane. Uso ulikuwa sawa, maneno sawa, miguu sawa ila polepole. Mkono wa kushoto ulikuwepo, lakini ulikuwa unapokea habari kwa kuchelewa. Hospitali walimpa mpira laini wa kuminya. Alikaa kwenye kiti chake cha tatu, hakutia sarafu, akaniambia shida yake yote, na mtu huyu hajawahi kuniambia shida kabla ya hapo.

Kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Novemba waganga wa mlima huwasha moto mkubwa uwanjani nyuma ya kijumba chao cha sala. Watu wanaleta vijiti walivyoviandikia haja zao vichomwe, na makaa yakishatandazwa wanapita juu yake pekupeku, wazima na wagonjwa. Anayefungua moto ni Ochi, kama baba yake na wengine watano kabla ya baba yake. Na moto haufunguliwi mpaka amefunga mafundo tisa. Hayo mafundo hayana kamba, ni vidole vya mikono miwili vinavyosukwa pamoja, fundo moja baada ya jingine, kila moja na neno lake, na hufungwa chini ya mkono wa kanzu kwa sababu hairuhusiwi mtu yeyote kuyaona. Baba yake alimfundisha mikono yao ikiwa pamoja ndani ya kanzu moja, kwa kupapasa. Hata mkewe, Tamiyo, hajawahi kuyaona.

"La kwanza mpaka la sita nafunga," akasema. "La saba mkono wa kushoto unasahau. Ni kama mtu amezima swichi na pointi zote zimekwenda."

"Fanya mazoezi ya mpira waliokupa."

"Nimefanya. Mpira haukasiriki ukikosea." Akaigusa mashine. "Yaeko-san, nimeshamwambia Tamiyo. Mkono usipofunga yote tisa ifikapo Jumapili ile, natundika baragumu ukutani. Siwezi kuwa mganga wa mafundo sita. Nafunga kijumba, na watu waende kwa waganga wa upande wa pili wa mlima."

Nimesema siamini uganga, na siamini. Lakini nilijaribu kuuona mji huu na kile kijumba kimepigwa komeo, nikaona sitaki. Nikamwambia aje saa tatu asubuhi kabla sijafungua.

Akaja kila siku. Mwezi wa mwanzo ulikuwa wa aibu. Mtu aliyekuwa akipita ngazi ya nne anapiga miayo sasa anakufa ngazi ya kwanza, mahali ambapo hata wanafunzi wa msingi wanapita. Kunguru anatakiwa kushoto, mkono unampeleka kushoto baada ya risasi kufika. Manabe naye akaanza kuja saa tatu, nikamwambia ukumbi umefungwa, akasema yeye hakuja ukumbini, amekuja kumtembelea mgonjwa.

"Mwalimu," anasema, "huyo kunguru wako ana baridi yabisi."

"Ana miaka sitini na mitatu."

"Ongeza sarafu basi uendelee mbele. Ngazi ya pili ina mandhari nzuri, umeisahau."

"Nitaiona nikifika."

Hakuongeza sarafu hata siku moja. Alikuwa akifa, anasimama, anavuta pumzi, anakaa tena, ngazi ya kwanza. Kati ya mchezo na mchezo alikuwa akivaa koti lake kubwa kinyumenyume, mikono yote miwili ndani, na mimi nilikuwa naona kitambaa kinatikisika kifuani kama kuna paka. Nikageuka nisitazame. Manabe pia aligeuka, na Manabe hajawahi kugeuka asitazame kitu katika maisha yake.

Katikati ya Septemba alipita ngazi ya kwanza. Nilikuwa nakaanga samaki na sikujua nimefurahi kiasi gani mpaka nilipoona nimewaunguza wote. Mwanzoni mwa Oktoba alifika ya tatu, na siku hiyohiyo, ndani ya koti, fundo la saba lilifungika. Nilijua kwa sababu alitoa mikono nje akaitazama yote miwili kwa zamu, halafu akaomba chai. La nane likaja wiki iliyofuata. La tisa lilikuwa linakuja na kuondoka kama mpangaji.

Tamiyo alipita wiki ya mwisho ya Oktoba na mfuko wa machungwa madogo ya kwao, yale ya kumenya kwa vidole. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye akili ya vitendo. Yeye ndiye anayepanga ratiba ya mumewe na kuwakumbusha watu kwamba magari yao yamefikisha mwaka bila kusomewa. Akaketi kwenye kiti cha mashine ya mbio za magari, akamtazama Ochi anavyohangaika, akaniambia bila kushusha sauti:

"Dada Yaeko, mwambie wewe. Mimi kanisikia mara mia. Kanzu ile mikono yake inafika magotini. Akifunga tisa, akifunga sita, akikuna tumbo humo ndani, nani atajua? Watu wanataka moto. Moto utawaka tu, ni kuni na mafuta."

"Tamiyo," Ochi akasema, macho kwenye skrini, "mkono ukiwa ndani ya kanzu ndipo unapokuwa na tarakimu ya mwisho."

"Tarakimu gani?"

"Ataeleza Yaeko-san."

Nikamweleza habari za moja na sifuri. Akasikiliza huku akimenya chungwa, akafikiri.

"Na hiyo tarakimu inaonekana na nani?"

"Kila mtu. Iko kwenye kioo."

"Basi si sawa na kanzu. Ya kanzu haionekani."

"Naiona mimi," Ochi akasema, na hapo kunguru akafa, na Tamiyo akampelekea kipande cha chungwa mdomoni kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Nilitamani mume wangu angekuwepo.

Jumapili ikafika. Hali ya hewa ilikuwa mbaya tangu asubuhi, kilele cha Ishizuchi hakionekani, wingu limekaa mabegani mwake na linashuka. Uwanja ulikuwa umejaa kabla ya saa nne. Katikati palikuwa na tita la kuni lenye urefu wa mtu, limefunikwa matawi mabichi ya mwerezi, na kamba imelizunguka kwa pande nne. Mimi na Manabe tulisimama mbele, karibu na mwenyekiti wa mtaa, ambaye kila dakika alikuwa anaangalia saa halafu wingu. Tamiyo alikuwa upande wa pili na wanawake wanaopokea vijiti.

Baragumu likalia mara tatu. Ochi akatoka kijumbani na waganga wenzake sita, wote wazee, akapita lango la kamba. Akaupiga upinde, mishale mitano, pande nne na mmoja katikati. Akakata hewa kwa upanga. Kila kitu kilikwenda sawa na mkono wa kushoto ulikuwa unafuata. Kisha akasimama mbele ya tita, akaingiza mikono ndani ya kanzu, na uwanja wote ukanyamaza.

Mafundo tisa huchukua muda wa kumenya chungwa moja. Nilihesabu maneno. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita. Saba. Nane. Neno la tisa likasemwa, na ni mimi tu na Manabe, nadhani, tulioona kwamba bega lake la kushoto lilishuka kidogo, vilevile linavyoshuka mkono unapompeleka kunguru baada ya risasi kufika.

Mwenye mwenge tayari alikuwa amepiga hatua. Hakuna aliyeona chochote. Watu walikuwa wameshaanza kutoa simu wapige picha ya moto. Wingu lilikuwa juu ya paa la shule. Ochi alisimama pale mikono ndani ya kanzu, na nikajua anachokitazama ingawa hakukuwa na kioo.

Akainua mkono wa kulia, mwenye mwenge akasimama.

"Nimekosea," akasema, kwa sauti ya kawaida, na kwa sababu ya ule ukimya ilifika kila mahali. "Naanza upya. Samahanini kwa baridi."

Akageuka, akatoka kwa lango la kamba, akapita katikati yetu na kurudi kijumbani, na wale wazee sita wakamfuata wakitazamana. Uwanja ukaanza kunong'ona. Mwenyekiti wa mtaa akasema, "Kakosea nini? Mimi sijaona kosa. Mvua hii inakuja." Akanigeukia mimi kana kwamba ukumbi wa gemu unahusika na ratiba.

"Amekataa kuongeza sarafu," Manabe akamjibu.

"Sarafu gani?"

"Kaa kimya, bwana mkubwa. Anarudi ngazi ya kwanza."

Baragumu likalia tena mara tatu. Upinde tena, mishale mitano tena, na safari hii ilibidi wazee waazime mishale miwili iliyokuwa imeshaokotwa na watu kwa ajili ya baraka. Bibi mmoja alirudisha wake kwa shingo upande. Upanga tena. Nilikuwa nimekunja ngumi ndani ya mifuko, mimi niaminiye fyuzi. Tone la kwanza likanigonga puani. Mikono ikaingia ndani ya kanzu.

Sikuhesabu. Niliangalia bega. Likakaa. Neno la tisa lilipokwisha bega lilikuwa palepale, na Ochi akainamisha kichwa kumwelekea mwenye mwenge, na uso wake ulikuwa ule wa kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeitwa na baba yake. Matawi mabichi yakatoa moshi mwingi mweupe, tukakohoa wote, kisha moto ukapanda. Mvua ilinyesha, ndiyo, ila ilikuta moto umeshakuwa mtu mzima na haukuijali. Tulipita kwenye makaa tumelowa juu na tumekaushwa chini. Manabe alipita mara mbili, akasema ya kwanza alisahau kuomba.

Kesho yake Ochi alikuja saa nane mchana, wakati wake wa zamani, si saa tatu. Nilikuwa nimeshalitoa daftari na kalamu.

"Soma," nikamwambia. Nilikuwa nimeandika tarehe, jina lake, na mbele yake: moto wa Novemba, mafundo tisa. Nafasi ya shahidi nilikuwa nimeweka jina langu. Nafasi ya tarakimu ya mwisho ilikuwa bado tupu.

Akasoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Futa. Sheria ya mumeo ni shahidi aliyeona. Hukuona mafundo. Hakuna anayeruhusiwa kuyaona."

"Sikuona mafundo. Niliona ulipokosea."

"Hakuna aliyeona nilipokosea."

"Mji mzima ulisikia ukisema. Mtu anayetangaza kosa lililofichwa ndani ya kanzu, akiniambia mara ya pili amepatia sina haja ya kuchungulia."

Alilivuta daftari karibu. Kisha akachukua kalamu, na kwa mkono wa kushoto, polepole, akataka kuandika tarakimu. Nikaona anachotaka kuandika nikamshika kifundo cha mkono.

"Moja?"

"Nilikosea, nikarudia. Ni moja."

"Manabe," nikaita. "Mtu akifa, akasimama, akarudi mwanzo kabisa, mishale na kila kitu, inaandikwa ngapi?"

Manabe alikuwa ngazi ya nne kwenye Kunguru wa Shaba na hakugeuza kichwa. "Miaka arobaini mnacheza, hamjui gemu. Moja ni ya aliyeendelea alipofia. Aliyeanza upya ni sifuri. Na anitolee hicho kivuli chake kwenye kioo changu."

Nikaichukua kalamu kutoka mkononi mwa Ochi, nikaandika sifuri.